Waya wa shaba na fraizi zangu

Jumapili, Musaga. Joto la kuchemsha mabati, na leo hata mi sina maneno mengi, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe.

Fraizi zangu, yale matunda mekundu ya nchi za baridi, zinakufa.

Mnaonisoma mnanijua. Niliacha shule darasa la tisa, lakini chumbani kwangu kuna hema la plastiki lenye karatasi za kung'aa ndani, taa nne kubwa, feni mbili na miche ishirini na sita niliyoishusha kutoka milima ya Bugarama. Wale wa kule wanalima kwa baridi ya Mungu. Mi nalima kwa umeme. Nilijisifu hapa hapa, bila haya.

Sasa nikiri. Parseli yetu, kiwanja chenye ua mmoja, ina nyumba nne na mita moja ya umeme, na nyaya zake zimenizidi umri. Ndiyo maana tuna desturi: ukitaka kutumia pasi, unapaza sauti uani, "Nachomeka!", na wengine wanazima vyao. Ukisahau, fyuzi inakatika, wote tunakosa. Jirani yangu Mama Riziki, muuza samaki wa barafu, akipaza yake inafika hadi mtaa wa Jabe.

Kelele hiyo ilinichosha. Kila "Nachomeka!" ilizima hema langu. Basi wiki jana nikang'oa fyuzi, nikafunga waya mnene wa shaba mahali pake, nikawatangazia: "Kelele basi! Chomekeni tu, fundi wenu niko!"

Wakaniamini. Hapo ndipo panaponiuma.

Jana mchana kila nyumba ilikuwa inapiga pasi nguo za misa, frigo ya Mama Riziki ya kugandishia samaki inanguruma, hema langu linawaka lote. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna kilichokatika.

Ukuta ukaanza kunuka.

Mzee Shabani, fundi wa mtaa, alikuja akazima kila kitu, akabomoa plasta na kunionyesha nyaya zilizoyeyuka.

"Fyuzi ni mulinzi, mutoto wangu. Weye umemufukuza mulinzi."

"Lakini Mzee, taa zangu nilizihesabu."

"Zako, ndiyo. Na pasi za wenzako?"

Apana. Hizo sikuzihesabu.

Mwenye parseli amesema nyaya zote zitang'olewa, na hema halirudi tena, hata nilie damu. Bila feni, mle ndani ni tanuri. Nimeitoa miche nje, nikaipanga barazani, nimeimwagia maji, nimeiombea. Majani yamelala kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Miche saba tu bado inajitahidi. Miezi mitatu yangu yote ndiyo hiyo saba.

Asubuhi majirani walikwenda misani na mikunjo ya nguo zao. Waliporudi, Mama Riziki alikaa uani kupaka samaki chumvi kabla hawajaoza. Nikaenda kumsaidia. Akanipa kisu bila kunitazama. Afadhali angenitukana, matusi nayaweza.

Tulipofika nusu ya beseni akainua kichwa, akapaza sauti yake yote:

"Nachomekaaa!"

Parseli nzima ikacheka. Umeme wenyewe uko wapi?

Mi nilikuwa nimeshasimama, kisu mkononi, hatua mbili kuelekea chumbani kwenda kumzimia taa.

Nikabaki pale pale uani. Sasa nimzimie nini?