Mkanda Ubavuni

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimekata majani ya ng'ombe kabla ya kwenda shule. Ukungu mpaka mlangoni mwa zizi. Mlima hauonekani kabisa.

Kidato cha tatu: seli nyeupe za damu. Nimewaeleza kuhusu seli T. Hazihangaiki na kirusi kinachoelea. Zinatafuta seli yetu wenyewe ambayo kimejificha ndani yake, zinaiua na mgeni wake. Mmoja akauliza zinaijuaje. Nikasema seli iliyoingiliwa hutoa vipande vya kirusi na kuvionyesha nje, kama nyumba iliyoanika nguo za mgeni.

Ubavu wa kulia unawaka. Labda ule mzigo wa majani.

Jumatano, 6 Novemba

Malengelenge. Mstari mmoja, kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi. Upande wa kulia tu. Mkanda wa jeshi. Sihitaji kuambiwa.

Muuguzi wa zahanati amenipa dawa ya kupaka, halafu akauliza marehemu mume wangu alikuwa akifanya kazi gani. Dereva wa lori, nikamjibu, Moshi na Dar. Akaitikia "mmh" na kuangalia pembeni. Nusura nimzabe kibao.

Siku hizi hapa kijijini mkanda una maana moja tu. Ukimwi. Mume wangu Elia tulimzika Machi. Homa ya mapafu, walisema. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Hata blauzi inaniumiza. Nimefundisha hivyo hivyo.

Kirusi chenyewe ni kile cha tetekuwanga niliyougua nikiwa mtoto. Hakikuondoka. Kilirudi nyuma kwenye mzizi wa neva, kando ya uti wa mgongo, kikalala humo. Nimesoma nacho, nimeolewa nacho, nimezaa nacho. Seli T zilikuwa zikikilinda kisitoke. Walinzi wakipungua kinaamka, kinafuata neva ile ile hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana ya huo mstari.

Nini hupunguza walinzi? Nikaandika ubaoni: uzee, majonzi, magonjwa mengine. Lile jingine sikuliandika. Chaki ilikataa. Wanafunzi walikuwa wananitazama ubavuni, au ni mimi tu.

Jumapili, 10 Novemba

Naishi na mama mkwe, wawili tu, binti yangu Manka akiwa bweni. Tangu niolewe, mbege ya Jumapili, pombe yetu ya ndizi, tunakunywa kwa kata moja: yeye kwanza, kisha mimi. Leo ametoa kata mbili. Akanipa yangu, akaenda kukaa na yake kule mwisho wa jiko, mbali nami.

Ameuona mkanda, basi. Asubuhi nilipokuwa napaka dawa mlango ulisogea kidogo.

Yaani mimi! Niliyempikia mama huyu miaka yote! Mbege imenishinda, nimeimwaga.

Jumatano, 13 Novemba

Mgombani, kando ya kaburi la Elia, migomba miwili imekatwa. Mahali pake pamepandwa masale machanga manne, moja kila pembe. Ni mmea wetu wa mipaka na makaburi, hapa hata mtoto anaujua. Nafasi ya mtu mmoja, tena mfupi.

Mimi ni mfupi.

Udongo bado ulikuwa na alama za vidole. Vidole vyembamba vya mama mkwe. Sikumwuliza. Nimerudi ndani nikamenya ndizi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeshuka mjini, nimetoa damu ipimwe ukimwi. Mshauri kaniambia nirudi Alhamisi ijayo. Nikarudi kwa miguu kuanzia Kiboriloni, katikati ya watu wa soko. Kila aliyenisalimu nilimwona kama anayeaga.

Jumamosi, 16 Novemba

Ukungu umeshuka mchana. Nilikuwa nakata majani nikasikia mtu anaongea. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya masale yale manne, anazungumza Kichagga na kaburi la mwanawe. Kwa upole, kama anambembeleza mtoto. Avumilie kidogo. Mwenzake anakuja. Mahali pameshaandaliwa.

Nikabaki nyuma ya mgomba. Hata ndege hawakulia. Nilijishika shingo kuona kama bado ina joto.

Jumatatu, 18 Novemba

Malengelenge yanakauka. Maumivu hayajaniacha. Nimemwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba akiwa amegeukia ukuta. Namchukia. Bora niiandike ilivyo.

Alhamisi, 21 Novemba

Sina. Mshauri alirudia mara mbili maana sikuwa nasikia. Sina virusi vya ukimwi. Nilicheka mpaka akaniletea maji.

Nikapanda nyumbani na hasira zangu zote. Nikamkuta mama mkwe jikoni. Sikuketi. Mama, nikasema, nimepimwa, sina ugonjwa. Mimi sifi. Nenda kang'oe masale yako.

Alinitazama kama niliyemwamsha. Kisha akafungua kanga, akainua blauzi.

Makovu. Ubavu wa kushoto, mstari kama wangu, yamekwisha kupoa zamani. Akanieleza: mkanda ulimtokea mara tu baada ya mazishi. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha Elia alipougua. Akajua amekwisha, akafunga mdomo, akaendelea kunywa nami kata moja ili nisimshtukie. Alipouona wangu akajua ameniambukiza. Akajitenga. Masale ni yake, naye ni mfupi kama mimi. Aliomba atangulie, asije akaniona nikizikwa.

"Nimekuua, mama Manka," alisema.

Tangu Machi! Peke yake, ndani ya nyumba hii hii! Nilikaa chini nikalia, naye akalia. Ng'ombe amekamuliwa jioni sana leo.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemfundisha seli T jikoni, nikichora kwenye majivu kwa kijiti. Kwamba kwa kila mmoja wetu kilichoamka ni kirusi chake cha utotoni. Kwamba mkanda wangu haukutoka kwenye kata yake. Kwamba umri wake na kumzika mwana vinatosha kuwachosha walinzi.

Akafikiri. "Kumbe askari wangu wamestaafu," akasema. "Tena hawajapewa kiinua mgongo."

Nimecheka mpaka ubavu ukauma. Nimemwambia naye atapimwa, maana mimi si wa kumwapia kitu nisichokijua. Amekubali, ila niende naye, na nisimfanyie ualimu mbele za watu.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Hatukwenda ibadani. Mama mkwe amepika mtori, supu nzito ya ndizi.

Ameniuliza kirusi kimekwenda wapi sasa. Nikamwambia ukweli. Hakijaenda popote. Kimerudi kulala, changu mgongoni mwangu, chako mgongoni mwako, na humo kitakaa mpaka tuzikwe. Akapeleka mkono nyuma, akajipapasa mgongo taratibu kama anayetafuta kitu gizani. Nami nikajikuta nimefanya hivyo hivyo.

Baadaye akauliza hao walinzi wanakula nini. Chakula na usingizi, nikasema. Na mtu wa kuongea naye.

Akaniongezea mtori bila kuniuliza. Nimeumaliza wote.