Jiwe la Kusugulia Pini

Mama Fundi,

Nimekaa kibarazani kwetu. Kiti chako nimekisukumia ukutani kwa sababu sitaki kukikalia na wala sitaki kukitazama. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitegemee nianze kwa kukuuliza habari za huko uliko. Za huku ni hizi: ukungu umekaa tangu asubuhi, maduka ya Karatu bado matupu, pini mpya hazipatikani hata kwa magendo, na mimi bado naitwa Mkono Mzito.

Jina hilo ulinipa wewe.

Unamkumbuka yule bibi harusi wa Rhotia na satini yake nyeupe. Nilikuambia mapema kwamba pini zetu ni butu, zitaharibu kitambaa cha watu. Ukanijibu kwamba fundi halaumu vifaa. Basi nikabana pande za kifuani, na pini badala ya kutoboa ikasukuma, uzi ukavutika ukakimbia kutoka kifuani mpaka kiunoni. Mama yake alipokuja kuliona gauni nilikugeukia, nikiwa na hakika utasema ni pini. Wewe ukatikisa kichwa, ukamwambia, "Huyu binti ana mkono mzito. Navumilia tu." Ulisema kwa sauti ya huruma, ndiyo maana waliamini.

Baada ya siku hiyo ukawa unapokea satini na vitambaa vyote vya harusi wewe, mimi unanipa kaptula za shule na yale mablanketi ya viraka ya akina mama wa kanisa. Hata hayo pini zako zilikuwa hazipiti. Tabaka tatu za nguo kuukuu, nasukuma kwa kidole gumba mpaka kucha inakuwa nyeusi, pini inapinda, nawe upande wa pili unaimba wimbo wa kwaya kana kwamba hakuna mtu anayeumia. Jioni tunakula makande kwenye bakuli moja, unanisogezea maharage upande wangu. Nilikuwa nakuchukia, halafu nakula maharage yako. Sijui ulitaka nikuweke wapi.

Na kila Jumamosi ulitoa lile jiwe la mtoni kwenye mfuko wa kanga, ukazisugua pini moja moja. Miaka yote hiyo nilidhani unanoa. Nilikuwa nakucheka kimoyomoyo, fundi gani huyu ananoa na pini hazinoleki. Nilikuona kwa macho yangu unavyofanya. Kisu au sindano unailaza kwenye jiwe ndipo inapata makali. Wewe pini uliisimamisha wima, ncha chini, ukaizungusha pale pale. Nikadhani ni mtindo wa wazee wenu wa Mbulu. Sikuuliza, kwa sababu kukuuliza wewe kitu kulikuwa ni kutafuta maneno.

Basi sikia nilivyojua. Tulipokuosha siku ya kukuzika, dada yako wa Ganako alinipa mkono wako wa kulia niushike. Nilikuwa sijawahi kuushika. Kwenye ncha za vidole kulikuwa na makovu madogo madogo mengi, na kwenye kiganja kovu kubwa la kuungua. Lile nalikumbuka. Siku ile nilisikia harufu ya nyama kabla hujauondoa mkono kwenye pasi ya mkaa, na wewe ukasema umeshazoea moto. Tangu hapo kazi ya pasi ikawa yangu. Nikakusifia kwa watu kwamba wewe ni mwanamke sugu.

Dada yako akaniona nikitazama. Akagusa kifundo cha mkono wako akasema, "Kuanzia hapa alikuwa hasikii kitu. Mikono yote miwili." Akaniambia ulikuwa ukichomwa na pini huna habari, damu inadondokea nguo za watu, na kwamba lilishaharibika gauni moja la komunio ukasingizia kuku aliyechinjwa uani. Ndipo ukaamua kuziua ncha. Butu haikuchomi hata ukiikosea. Kisha akanishika kwa nguvu akasema nisimwambie mtu, kwa sababu watu wakisikia ganzi ya mikono watasema ni ukoma, nguo ulizoshona zitachomwa moto, na binti yako Agnesi hataolewa.

Nilimaliza kukuosha. Niliporudi hapa nikalitoa jiwe kwenye mfuko nikalipeleka mwangani. Halikuwa na mistari ya kunolea. Lilikuwa na vishimo tu, limechimbika vishimo tupu.

Mama Fundi, mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako. Ungeniambia. Ningebana mimi, wewe ukakata na kuongoza, nani angejua? Ningekufunga vitambaa vidoleni. Ningekuwa macho yako, na wala usingekuwa na haja ya kunishukuru. Ulikuwa na mtu, ukaona afadhali umtupe yeye kuliko kumwamini. Hilo ndilo linalonikaba. Ugonjwa nakusamehe, ugonjwa haukuwa wako kuuchagua. Maneno uliyosema kwa yule mama wa Rhotia uliyachagua.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki hii, halafu ulale ukiweza.

Pini zako nimezinoa. Nilizilaza kwenye upande mzima wa jiwe lako, nikazisugua na majivu, nikazipitisha kwenye nywele zangu zipate mafuta. Zinapita kwenye satini bila kuacha alama. Nilikuwa nimezichomeka zote kwenye kimto cha pini alipokuja mama mmoja kutoka Endamarariek, amebeba kitambaa cheupe kwenye karatasi. Kitambaa kizuri, sijui alikipata wapi na shida hizi. Akasema mwanawe anaoa baada ya mavuno, na binti mwenyewe ni Agnesi, mtoto wa marehemu fundi. Wakwe ndio wanaotoa gauni, lakini Agnesi ameomba lishonwe kwenye cherehani ya mama yake.

Nikanyoosha mkono kupokea. Akakivuta nyuma kidogo. Akaniuliza, "Samahani dada, ni wewe yule wa mkono mzito?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, zima, limepangwa. Ningesema jina langu ni Veronika, mkono wangu hauna tatizo, mwenye tatizo ni aliyelala kule makaburini, na sababu ni hii. Angenielewa palepale. Na angekwenda moja kwa moja nyumbani kwake kumwambia mwanawe atafute mchumba mwingine.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

Akanishukuru kwa kusema ukweli. Akakunja karatasi yake vizuri, akasema atampelekea fundi wa Mbulu, Agnesi ataelewa. Nikamsindikiza mpaka barabarani kama unavyomsindikiza mteja. Kisha nikarudi nikakaa chini, si kwenye kiti chako, nikalia kama mtoto, na ilikuwa si kwa ajili yako.

Sijui kama nimefanya wema au ujinga. Agnesi amenuna, anaamini nimeshindwa hata kujitetea kwa ajili ya gauni lake. Jana alinipita bila kunisalimia. Ana mwendo wako kabisa, na kiburi chako.

Sasa nakuaga. Nakuahidi kitu kimoja na usitarajie cha pili. Harusini nitakwenda, nitakaa benchi la nyuma, na gauni likiwa limeshonwa vibaya nitalisifia. Wakiniita Mkono Mzito nitaitika. Nitaitika mpaka mwanao azae na azeeke katika nyumba yake, na sitamwambia mtu. Lakini jiwe lako nililirudisha mtoni asubuhi hii, na pini zako ni kali, na siku moja mtu ataniletea satini.

Kila nitakapoitika jina lile, Mama Fundi, popote ulipo, nataka usikie. Hapo ndipo nawe utakapochomwa.

Veronika