Mbu Wanaotembea kwa Miguu

Wifi yangu mpenzi,

Hatujambo, mtoto wa kaka yako ameota jino. Wiki ya sita sasa hatujaona kunguni hata mmoja. Nakumbuka ulipolala kwetu ukaamka mikono imevimba, nami nikakuambia, "Ni mbu tu." Ukacheka. "Wifi, mbu gani hawa wanaotembea kwa miguu? Bandika maji!" Tukakifungua kitanda chote, tukamwagia maji ya moto kila kiungo, ukapiga pasi mishono ya godoro. Na hukumwambia mtu. Kwa hilo nakushukuru kuliko yote.

Sasa mwambie mama ukweli: ule ukarabati wa nyumba niliousingizia ili asije kwetu haukuwapo. Niliona aibu. Aje ampakate mjukuu wake kwa mara ya kwanza.

Wifi yako, anayelala fofofo