Binti Yangu Anasoma Neno Kama Namba ya Gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamvamia mwalimu, maana nimevumilia hadi nimechoka. Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo ya viti vitatu, na nina binti wa miaka sita, kitinda mimba wangu, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, nami nikajua sasa mtoto anakwenda kusoma, kumbe nimempeleka kuimba, kila siku anarudi na a-e-i-o-u mdomo wazi kama anang'olewa jino, mara anahesabu vifuniko vya soda, mara ananiambia leo tumejifunza kupanga mstari, kunyoosha kidole na kunawa mikono, jamani, kunawa mikono kunahitaji mwalimu mwenye cheti? Huku mtoto wa wifi yangu, rika lake kabisa, anayefuatwa na basi la shule hadi mlangoni, anamwaga Kiingereza utadhani bomba limepasuka, na wifi hachoki kunitupia jicho.

Basi nikaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani, herufi kwa majina yake ya Kiingereza, ei, bii, sii, akazishika zote upesi hadi nikajipongeza, na siku moja saluni imejaa nikamsimamisha mlangoni nikamwambia asome kibao cha jirani kilichoandikwa DUKA ili wateja wasikie, naye akanyoosha shingo akasema, "Dii, yuu, kei, ei," nikamwambia haya, sema lote pamoja, akarudia vilevile, ndipo mteja mmoja akauliza kutoka kwenye draya, "Mama, huyo anasoma neno au namba ya gari?" Saluni nzima ikaangua kicheko, nami kwa aibu nikamfinya paja, kidogo tu.

Tangu siku hiyo hasomi wala hasemi, ukimwuliza hata rangi ya shati lake anajibu "sijui". Mwalimu wake akaniita, akaniambia eti mtoto alikuwa ameshaanza kuunganisha ba, be, bi vizuri, na sasa akiulizwa anatazama sakafu, halafu akaniongezea, "Mama, niachie herufi, na mimi sitagusa vichwa vya wateja wako." Mshauri, hiyo ni adabu? Nimemwombea binti nafasi kwenye shule ya mtoto wa wifi, wiki ijayo anafanyiwa usaili, lakini nilipomweleza aliniuliza tu, "Mama, huko nako wanacheka?" Nifanye nini afungue mdomo kabla ya usaili? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Msusi Mwenye Uchungu

JIBU

Msusi, uchungu huo umeuazima kwa mwanao. Ulichonacho wewe ni aibu, na aibu yenyewe umeitoa kwa wifi, si darasa la kwanza.

Tuanze na ujinga wako, maana ndio mrefu zaidi. Paka anaitwa paka, lakini halii "paka", analia nyau. Herufi nazo zina majina na zina sauti, na huyo mwalimu unayemdharau alikuwa anamfundisha mtoto sauti, ili "du" ikikutana na "ka" lipatikane duka. Wewe ukamjaza majina matupu, kisha ukamwadhibu kwa kusoma sawasawa na ulivyomfundisha. Halafu unauliza mwenye adabu ni nani!

Unabeza kupanga mstari. Simama saluni kwako Jumamosi uone watu wazima wanavyogombania kiti, kila mmoja "mimi nilitangulia", kisha uniambie nani kati yao alifaulu darasa la kwanza. Na huko kunyoosha kidole ndiko somo kubwa kuliko yote. Mtoto anajifunza kusimama mbele ya wenzake, kukosea, kuketi, na kuona kwamba hajafa. Mwanao alikuwa ameshalijua somo hilo. Wewe umelifuta kwa mfinyo mmoja, eti kidogo tu.

Swali lake la kama huko nako wanacheka umelitaja kama upuuzi, kumbe ndilo neno pekee la maana katika barua yako yote. Na ajabu ni kwamba shuleni hakuchekwa. Alichekwa kwa mama yake.

Usaili futa. Hata ukimhamishia ng'ambo, atakayempokea jioni ni wewe yuleyule. Kesho nenda kwa mwalimu, mwambie ulichofanya bila kutia chumvi, kisha mwachie kazi yake. Jumamosi saluni ikijaa, zima madraya, mwite mtoto, useme mbele ya wateja walewale kwamba yeye alisoma alivyofundishwa na aliyekosea ni mama. Usimnong'oneze chumbani, kwa sababu hukumwaibisha chumbani. Wifi akikutupia jicho, mwache, jicho ni lake.

Baada ya hapo usimwulize herufi, usimwulize rangi, usimsimamishe mbele ya mtu. Mwulize alicheza na nani. Huenda akajibu "sijui", na ana haki. Kisha siku moja mkiwa mnakunja nguo, ataokota pakiti ya sabuni aisome kwa sauti, na ataikosea, bila kukutazama usoni kwanza. Hapo ujue amekusamehe. Usimsahihishe.