Mechi ya Viazi

Jumanne, 9 Desemba

Nimechoka. Mashine ya kuoshea vyombo imekufa tena jikoni pale shuleni. Trei zote kwa mkono. Mikono imevimba kama mkate uliolowa.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Mama amekaa mezani, koti mwilini, mkoba mapajani. Emil anakuja kunichukua, ananiambia.

Haji. Mdogo wangu hajakanyaga hapa tangu nilipomhamishia Mama kwangu, masika ya mwaka jana. Alitaka Mama abaki kule mlimani kwenye nyumba ya zamani, ngazi na barafu na yote. Alisema mlango wangu hataupita. Na Emil akisema, amesema! Yuko Indiana. Simu zangu hapokei, na Mama simu haishiki sawasawa, anaongea na upande wa kusikilizia.

Daktari anasema Krismasi hii Mama bado atatujua. Ya mwakani hakutaka kuahidi.

Nimemvua koti. Nikakaa kupanga walinzi wangu wa ligi ya simu. Angalau hao wanakaa nilipowaweka.

Jumatano, 10 Desemba

Nimetazama msimamo wa Ligi ya Jikoni. Timu kumi, ukoo mtupu, kila mmoja na wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani aliowachagua. Mimi wa nane. Emil wa mwisho!

Oktoba alikuwa wa tatu.

Binamu Rudy, mwenyekiti wetu, kaandika kwenye kundi letu la simu: "Huko Indiana kuna mtu anapumua? Au tupige simu kwa wazima moto?" Wote wakacheka. Emil hajaandika neno kwenye kundi tangu ule ugomvi. Lakini timu yake huiendesha, programu ya ligi kwenye simu inaonyesha: nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Kila Jumatano naangalia hapo kwanza. Ndiyo barua yangu kutoka kwake. Amemwacha mlinzi wa nyuma wa Tennessee, amemchukua wa Carolina. Basi, mzima.

Ila timu yenyewe! Emil ndiye aliyefundishwa na marehemu Baba. Ligi za watu wengine huchukua ulinzi wa timu nzima kwa mkupuo mmoja. Baba alikataa tangu enzi za penseli na karatasi ya mezani. Mpira ni kuangushana, alikuwa akisema, na mwenye kuangusha apewe jina lake. Kwa hiyo kila mlinzi tunamchagua mmoja mmoja, na kila anachofanya uwanjani Jumapili ni pointi zetu. Kumwangusha mtu peke yako, mbili. Kusaidia, moja. Kumwangusha mrushaji mpira, nne. Kunyakua mpira hewani, sita. Emil alikuwa akiwajua walinzi kama mtu anavyowajua majirani.

Sasa anapanga kama mlevi. Nimeandika neno hilo na limenikaa vibaya. Asiwe anakunywa.

Jumapili, 14 Desemba

Siku mbovu. Mlinzi wangu wa mbele katolewa kwa kigari kabla sijamaliza supu. Yule wa Atlanta kakaa benchi — timu yake haina tena cha kugombea, wanajaribu vijana. Nilijua! Mwisho wa msimu sifa za mtu si kitu, swali ni kama kocha bado anamhitaji. Nilijua, nikamwacha ndani, kwa sababu Ijumaa nililala kwenye kiti na miwani usoni.

Nimeshuka hadi wa tisa.

Mama amemwita Corinne "Ludmila". Ludmila ni shangazi aliyekufa mimi nikiwa shule ya msingi. Binti yangu kaitika tu, "Naam," akaendelea kumchana nywele. Ana moyo kuliko mimi.

Jumatatu, 15 Desemba

Imethibitika. Wa tisa mimi, wa kumi Emil. Mechi ya viazi, dada na kaka!

Rudy hajalala kwa raha. "Paulette, noa kisu!" Corinne naye, anakula chakula changu: "Mama, mimi nitakushikia ndoo ya maganda."

Jumatano, 17 Desemba

Leo nimefikiri vizuri, nikipanga maboksi ya maziwa stoo, ambako hakuna anayeniita.

Sheria ya Baba: timu mbili za mkiani zinakutana wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Anayeshindwa anamenya viazi vyote vya pirohi, vile vitumbua vya unga vya kujazwa viazi, za mkesha wa Krismasi. Anavimenya nyumbani alipo Mama, mbele ya watu, hana ruhusa ya kusaidiwa. Hakuna aliyewahi kukwepa. Mwaka aliposhindwa Emil, theluji ilikuwa imefunga barabara kuu, na bado alifika na kisu chake mwenyewe mfukoni, analaani tangu mlangoni.

Emil anaweza kuikataa simu yangu. Sheria ya Baba hajawahi kuikataa.

Kwa hiyo nikimshinda, anakuja. Anapita mlango wangu. Anakaa mezani, na Mama anampaka msalaba wa asali kwenye paji la uso kama anavyotupaka wote kila mkesha, akiwa bado anajua anampaka nani.

Maisha yangu yote nimetaka kumshinda Emil nimcheke. Wiki hii si kwa kucheka.

Nimekaa na walinzi jioni nzima. Maswali yangu ni yaleyale. Anabaki uwanjani wakati wote, au hutolewa mpinzani anapoanza kurusha mpira? Wanaokutana nao wiki hii wanakimbia na mpira au wanarusha? Kama wanakimbia, walinzi wa kati ndio watakaoangusha. Hali ya hewa? Theluji inafanya kila timu ikimbie. Jirani yake ameumia? Basi kazi yake inamwangukia yeye. Na la mwisho, ambalo Rudy hunicheka: nani anaandika? Kila uwanja una waandikaji wake wa takwimu. Kuna viwanja vina waandikaji wakarimu, watu wanne wakimlalia mmoja wote wanapewa "kusaidia". Na kuna vya wachoyo.

Nimemwacha yule wa Atlanta. Nimemchukua Malek, mlinzi wa kati wa Denver. Hana jina. Hatoki uwanjani. Kasoro mbili: wanacheza ugenini kwa wachoyo, na anacheza bega kwa bega na Prewitt, anayeangusha watu kama anavuna mahindi. Prewitt ni wa Emil. Kila atakayemwangusha Prewitt, Malek atamkosa.

Mechi yao ni Jumatatu jioni.

Alhamisi, 18 Desemba

Mama kaamka mara tatu. Sina la kuandika.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeamka mapema kumbadilisha Mama shuka. Nikafungua programu huku mashine ya kufulia inazunguka.

Emil kamtoa Prewitt! Kamweka benchi. Saa kumi na mbili asubuhi leo. Mahali pake kamwingiza Haskell wa Carolina, mlinzi wa nyuma, mzee, ambaye tangu Novemba anaingia uwanjani kupeana mikono tu.

Kwanza nikafikiri ni ulevi.

Halafu nikaanza upya, polepole, kama ninavyofanya na mtu nisiyemwelewa. Prewitt mzima, hana jeraha. Alikuwa ndani tayari. Mtu aliyesahau timu yake angemwacha ndani. Mtu mlevi angemwacha ndani. Kumtoa ni lazima umguse. Nikarudi wiki za nyuma, moja baada ya moja. Novemba yote, kila Jumamosi alfajiri, anamtoa aliye bora na kumweka asiyecheza. Hakosei hata mara moja! Katika benchi zima anamchokoa mbovu kuliko wote. Hiyo nayo inataka ujuzi.

Kumbe siku zote hizo anatelemka kuelekea viazi.

Nimekaa juu ya kikapu cha nguo. Shuka zimemaliza kuzunguka sikusikia.

Angeweza kupiga simu, yule punda. "Dada, nakuja." Maneno mawili. Lakini alishasema mlango hataupita, mbele ya Rudy, mbele ya wote. Anatafuta kulazimishwa.

Simwambii mtu. Sheria nyingine ya Baba: anayepoteza makusudi anakaa nje ya ligi mwaka mzima na matokeo yake yanafutwa. Rudy akinusa tu, kwisha. Hata Corinne simwambii.

Jumapili, 21 Desemba

Siamini. Siamini!

Walinzi wawili wa nyuma wa Carolina wameumia robo ya kwanza. Wamegongana wenyewe kwa wenyewe. Haskell kaingia. Mzee huyo, amejifunga bandeji magoti yote mawili — kanyakua mpira hewani. Nikasema sawa, bahati. Robo ya tatu kanyakua mwingine! Akaanguka nao kama gunia, mashabiki wamesimama, wanalia.

Corinne anaruka kwenye kochi: "Anko Emil fundi! Nani mwingine angemwona Haskell?"

Rudy kwenye kundi: "Nafuta maneno yangu. Huyu ni Baba yenu amerudi."

Mimi nimekaa na trei ya Mama mapajani, nimekunja uso. Nawaza Indiana. Nawaza mtu mmoja amekaa mbele ya televisheni yake anashika kichwa, ametafuta mbovu miezi miwili, na mbovu kamgeuka.

Jioni: Emil anaongoza kwa pointi saba. Wake wote wamemaliza, labda amrudishe Prewitt kutoka benchi; sheria yetu inaruhusu hadi mechi yake ianze. Mimi nimebakiwa na Malek kesho.

Mama kauliza kama Emil anashinda. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi sana.

Jumatatu, 22 Desemba

Shule zimefungwa jana... hapana, Ijumaa. Nimepoteza hesabu ya siku. Nimenunua viazi hata hivyo, magunia mawili. Nimenunua na asali.

Rudy ananimaliza. Tangu mchana anaandika: "Emil! Prewitt wako yuko benchi! Bado una muda! Mweke umalize kazi!" Mara ya pili. Mara ya tatu. Nimempigia. Binamu, mwache mtu na timu yake. Anasema, wewe Paulette una wazimu? Namfanyia hisani, huyo hajui. Nikamwambia hisani hiyo akampe mkewe. Sijui kama amenusa.

Saa mbili kasoro. Prewitt bado benchi. Nimeangalia kila baada ya dakika chache, kama msichana anayengoja barua.

Saa mbili na robo. Imeanza. Prewitt benchi. Asante, mdogo wangu.

Mapumziko. Malek ana pointi tatu tu. Prewitt anaangusha kila kinachotembea, na pointi zake hazimwendei yeyote. Mara moja Malek alikuwa chini kabisa, amemshika mtu miguu yote miwili, nimeona kwa macho yangu! Wakaandika Prewitt, peke yake. Wachoyo. Nilisema.

Mama hataki kulala. Amekaa na blanketi, ananiuliza ni nani hao wa bluu.

Robo ya nne. Malek kafikisha tano. Nahitaji tatu nyingine kushinda. Kaangusha mmoja, kabaki chini. Kashika kifundo cha mguu. Wamemkokota pembeni. Na lile angusho bado hawajaliandika la nani; hata likiwa lake peke yake ni mbili, bado moja.

Simu imelia. Kundi. Emil!

Emil kaandika. Neno la kwanza tangu masika yale: "Viazi mwaka huu pauni ngapi?"

Rudy hapohapo: "Wewe unaongoza! Viazi vinakuhusu nini?"

Corinne ameisoma simu, kanitazama mimi, kaisoma tena. Polepole kaweka mkono mdomoni. Nikamtikisia kichwa: kimya.

Mama anataka kujua ni nani. Emil, Mama, nikamwambia, anauliza habari za viazi.

"Mwambie aje na kisu chake," Mama kasema. Halafu kaniinamia, kama mtu anayemteta aliye chumba cha pili. "Visu vya Paulette havikati. Ila msimwambie."

Nikasema sawa, Mama. Hatutamwambia.

Dakika nne. Wapinzani wana mpira, wataukimbiza tu kumaliza muda, watakuja katikati kila mara. Katikati ndiko kwake. Malek bado amekaa kwenye sanduku la barafu, wanamzungushia bandeji. Daktari wao anatikisa kichwa. Malek anasema naye. Sasa amesimama, anaukanyagia mguu, mara mbili.

Anaomba kofia yake ya mchezo, arudi uwanjani.