Dakika ya Tano

3 Machi

Wifi yangu mpendwa, Bi Chaki,

Salamu nyingi. Hujambo? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua inasaidia au inanuka tu? Sisi wazima. Pacha wanakohoa kwa zamu, akipona huyu anaanza yule. Kaka yako amerudi kutoka kugawa vifaa vya maabara na kesho anaondoka tena, kwa hiyo ndiye atakayekuletea barua hii. Unajua kawaida yetu: ya haraka tunapigiana simu, ya moyoni tunaandika.

Nina habari. Ile jioni ya mazungumzo mafupi kuhusu teknolojia vyuoni, itakayofanyika tarehe 26 kwenye maktaba ya chuo chenu, nimechaguliwa kuzungumza. Tuko kumi na wawili, kila mmoja dakika tano, kisha watu wanasimama na glasi za juisi wajuane. Nitaeleza masomo ya simu: mwanafunzi asiye na bando la intaneti anapiga namba, anabonyeza somo analotaka, anasikiliza dakika tatu, basi. Mkurugenzi wa masomo ya mbali wa vyuo vyote atakuwepo. Wanasema anatafuta mkuu wa kitengo chake kipya, na atamchagua kutokana na atakayoyasikia jioni hiyo.

Nasikia wewe ndiye mtunza muda. Hata sekunde mbili za undugu hutaniongezea? Uje umevaa gauni la bluu, tafadhali. Nina sababu zangu.

Wifi yako,
Mama Pacha


9 Machi

Wifi, Mama Pacha,

Barua nimeipata. Mimi mzima, goti halijambo, dawa inanuka. Wabusu pacha, yule asiyekohoa kwanza.

Hongera. Neno hilo nimeliandika mara mbili na kulifuta mara moja, kwa hiyo lililobaki ni la kweli. Hujui, na kaka yangu hakukwambia kwa sababu mdomo wake hufunguka wakati wa kula tu, kwamba mimi pia niliomba kuzungumza. Nilijaza fomu ya kurasa nne. Kamati ikajibu kwamba mada yangu inafanana na nyingine iliyokwisha kupokelewa. Sasa najua hiyo nyingine ni ya nani. Mimi wamenipa kengele, ile ya shaba ya mezani pale mapokezi, na saa ya kuhesabu sekunde. Miaka kumi na tisa nafundisha takwimu, na kazi niliyoonekana naiweza ni kugonga ting.

Nakwambia wazi, nina wivu. Wivu wa kukosa usingizi. Nani alirekodi somo la kwanza ndani ya stoo ya karatasi, kajifunika koti kichwani ili mwangwi usiingie? Nani alimhurumia yule mwanafunzi wangu aliyekuwa akifua mashuka hospitalini kila asubuhi, akikosa vipindi vyote? Wewe ulikuja baadaye na namba yako ya kupiga na vitufe vyako. Sikatai, ni kazi nzuri. Lakini usione vyaelea, vimeundwa.

Gauni la bluu halinitoshi tena.

Wifi yako,
Bi Chaki


29 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Uliondoka bila kuniaga, nikadhani goti limekuzidi. Nilikutafuta kati ya watu na juisi zao mpaka mlinzi akaanza kuzima taa za upande wa magazeti. Niambie kama u mzima.

Sijui nianzie wapi. Nilifanya mazoezi mara kumi na nne, kaka yako kashika saa, na kila mara nilimaliza kwa dakika nne na sekunde hamsini. Alifika mahali akawa anayasema maneno pamoja nami huku anaosha vyombo. Lakini juzi kengele ililia nikiwa bado na slaidi moja, na ile moja ndiyo iliyonileta. Nikasema asante nikakaa, maana wote waliotangulia walikatwa vivyo hivyo na hakuna aliyebishana.

Baadaye mkurugenzi alinipa mkono. Akaniambia, "Mada yako nzuri, mama, ila haikufika mahali." Kazi amepewa yule bwana wa kamera za kusimamia mitihani.

Wewe ndiye uliyekuwa na saa. Je, nilisema polepole? Sikulaumu, nataka kujua tu, kwa sababu tangu siku ile nasikia ting kila nikifumba macho.

Wifi yako,
Mama Pacha


5 Aprili

Mama Pacha,

Mimi mzima. Natumaini nanyi pia.

Saa haina wifi wala shemeji. Dakika tano ni dakika tano. Mtu akishika maiki hupotelewa na muda, hata mimi darasani hunitokea. Pole kwa kazi uliyoikosa, ingawa makofi hukuyakosa, na viatu vipya nimeviona.

Na ule mfano wa viatu mlangoni, wa kuvipanga kuanzia kidogo mpaka kikubwa ili kupata namba ya katikati, ulichekesha watu sana. Nafurahi uliukumbuka vizuri.

Bi Chaki


2 Mei

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo, kikohozi kimehama.

Kamati imetutumia video za jioni ile zote pamoja, kila mzungumzaji na yake. Mwalimu wa lugha, dakika tano na sekunde moja. Bwana wa kamera, tano kamili. Nimezifungua zote kumi na mbili, kwa sababu mimi pia najua kuhesabu, ulinifundisha mwenyewe. Yangu ni dakika nne na sekunde nne.

Mwanzoni nilijiambia kidole kimeteleza. Nikarudia kuitazama. Unaonekana pembeni, karibu na meza ya vitabu vipya. Unaitazama saa, unanitazama mimi, halafu unagonga.

Nilichokuwa nimebakiza nakiambatanisha, kwenye kadi ileile niliyokuwa nayo mkononi. Niliiandika kabla ya barua yako ya kunionea wivu. Baada ya barua yako niliongeza methali yako tu, pale mwanzo. Inasema hivi:

"Usione vyaelea, vimeundwa. Masomo haya sikuyaanzisha mimi. Yalianza ndani ya stoo ya karatasi ya chuo hiki, na mhadhiri wa takwimu aliyejifunika koti kichwani, akimrekodia mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifua mashuka. Hata mfano wa viatu ni wake. Mimi nimeongeza namba ya kupiga. Mkurugenzi, ukitafuta mtu wa kitengo chako, usinitazame mimi. Yumo humu ndani, ndiye aliyeshika kengele. Naomba asimame."

Sasa unajua gauni la bluu lilikuwa la nini.

Samahani yako siitaki, wifi. Ukiniandikia samahani nitaikunja nimpe pacha achoree. Ninachotaka ni dakika yangu. Isome kadi hii mbele ya kikao cha walimu wenu, wale walewale waliokuona na kengele. Mpaka uisome, usiniandikie.

Mama Pacha


4 Julai

Wifi yangu,

Hujambo? Pacha hawajambo? Nauliza nikijua kwamba kwa miezi miwili sikuwa na haki ya kuuliza. Kaka yangu amepita hapa mara sita na mara zote nilimwambia barua bado. Mara ya sita hakuuliza. Alikwenda kupakua maboksi yake.

Kadi ilikaa kwenye droo, chini ya mitihani ya kusahihisha. Mitihani ilipokwisha ikabaki yenyewe.

Nilipiga kengele kabla ya wakati. Kidole hakikuteleza. Uliposema mfano wa viatu watu walicheka, na nilikijua kicheko kile, ni cha darasani kwangu, miaka kumi na tisa ni changu. Nikaona unaondoka nacho, na kazi unaondoka nayo. Nikatazama saa, ikasema dakika nne na kidogo. Nikasema moyoni, basi hata mwisho asiupate. Sikujua kwamba mwisho ulikuwa mimi. Lakini hata kama ungekuhusu wewe tu, wifi, ulikuwa haki yako.

Mkurugenzi nimemwandikia nikamweleza yote. Amejibu mistari miwili: nafasi imeshajazwa, na ameshukuru kwa taarifa. Ilikuwa kazi niliyoitamani kuliko kitu chochote, na niliizuia kwa mkono wangu huu.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Fundi ameliachia gauni la bluu kiunoni, likanitosha. Niliomba nafasi ya mwisho kwenye ajenda, baada ya mambo ya ratiba na choo cha ghorofa ya pili. Watu ishirini na saba, wengine wameshaanza kukusanya mikoba. Niliwaambia kwanza habari ya kengele, bila kupamba. Hakuna aliyecheka. Mikoba ikarudi chini.

Halafu nikasoma kadi yako. Nimefundisha, nimezika wazazi, nimesimama mbele ya kamati za kila aina, lakini sijawahi kusoma kitu kigumu kama kile, kujisifu mwenyewe kwa maneno ya mtu niliyemnyima kuyasema.

Nilipofika pale pa "naomba asimame," nilikuwa tayari nimesimama, na hapakuwa na mtu wa kuniinua.

Wifi yako,
Bi Chaki