Mama Neema Ameng'oa Kahawa Yako

Baba Neema,

Kahawa yako imeng'olewa. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ningezunguka kwanza, ningeuliza habari za mvua na ng'ombe, nawe ungenikatiza: "Mama Aika, sema ulichojia." Basi nimesema. Mkeo ndiye aliyeing'oa, na mibuni yako nimeikuta imepangwa kuni nyuma ya banda. Usikasirike kabla hujasikia yote.

Tangu tulipokuzika, lile Somo la Dunia letu pale chuoni linachechemea. Hawa wa mwaka wa kwanza wa safari hii hawakukuona. Hawajui ilivyokuwa: wewe mtu wa mimea, mimi wa uchumi, tumesimama pamoja mbele ya wauguzi, walimu, wanasheria na watoto wa biashara, tukizungumza ukame, maradhi na madeni ya nchi maskini. Nilikuwa nikianza tu kunoga, sauti yako inatokea nyuma: "Mama Aika, unawadanganya watoto wa watu!" Maskini wale watoto. Walitoka shule ambako mwalimu habishiwi, wakawa hawajui waandike ya nani. Wengine waliandika yako kwa wino wa bluu na yangu kwa mwekundu.

Sasa niko peke yangu. Nikisema kahawa inang'olewa mlimani kwa sababu soko limeachiwa huru na bei imeporomoka, natazama nyuma ya darasa. Nakungoja useme ni chulebuni inayoozesha matunda, ni mibuni kuzeeka, ni mvua kupotea njia. Darasa zima limeinamisha vichwa, linaandika. Nimekukosa, Baba Neema. Nimekukosa hasa siku ninazokuwa sahihi na hakuna wa kunibishia.

Mkuu wa kitivo naye akaniita. Akasema somo hili liliruhusiwa kwa kuwa lina walimu wawili wa fani mbili. Nisipopata wa pili kabla muhula haujaisha, linafutwa, kila kitivo kichukue wanafunzi wake. Nikabisha hodi kila mlango. Kila mtu ana kazi nyingi, kila mtu anakusikitikia sana, kisha anatazama saa. Aliyekubali kuja mara moja tu, kuangalia, ni yule wa sheria tuliyempa jina la Kifungu, asiyeweza kuomba chumvi bila kutaja kifungu kinachomruhusu. Yeye somo letu huliita makande, mahindi na maharage chungu kimoja.

Nikajua nina nafasi moja. Nikakodi basi, nikawapa wanafunzi swali moja tu, kwa nini kahawa inang'olewa, nikawapandisha Kirua Vunjo, nyumbani kwako. Hesabu yangu ilikuwa safi. Wewe uliapa hutang'oa hata mti mmoja. Kwa hiyo wangeona mashamba ya majirani yaliyong'olewa, kisha lako lililobaki, walinganishe. Sikumwuliza mkeo habari za shamba. Ningeuliza ya nini, wakati ulishaapa?

Tukaingia kihambani, shamba la nyumbani kwako, tukakuta mashimo.

Wanafunzi wakaamkia kwa pamoja, "Shikamoo mama," na Mama Neema akawapokea kwa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, wala hakuonekana na wasiwasi wowote. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kifungu akaja taratibu akanong'ona, "Mama Aika, hili ndilo lile shamba la mfano?"

Nikaona potelea mbali, waulize hivyo hivyo. Kijana wa biashara akauliza habari za bei. Mkeo akasema ndiyo, bei ni mbaya. Mwalimu mtarajiwa wa sayansi akauliza magonjwa. Akasema ndiyo, magonjwa nayo yapo. Kila mmoja akaandika jibu lake, ameridhika. Hapo Kifungu akasafisha koo.

"Mama, samahani. Hii kahawa ilikuwa ya nani?"

Mama Neema akacheka. "Ya nani tena, mwalimu? Ya Baba Neema. Mimi nilikuwa napalilia, nachuma, natwanga. Ya kwangu ni ndizi na maziwa. Hela ya kahawa sijawahi kuishika mkononi tangu niolewe. Sasa niililie nini? Huko juu nitapanda ndizi."

Nakuandikia alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Miaka yote tuliyogombana, wewe na kutu ya majani, mimi na soko la dunia, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza hilo. Tulikunywa chai ya mama huyu tukibishana juu ya kichwa chake.

Ila sikukubali kushindwa. Nikamwambia Kifungu kwamba bei ingekuwa nzuri mama asingeng'oa, kahawa iwe ya nani. Akanijibu, "Bei haishiki jembe, Mama Aika. Anayeng'oa ni mtu, na mtu huyo ama ana haki au hana." Binti mmoja wa ualimu akadakia kwamba mwalimu wa sheria anakosea, mwingine akamkosoa yeye, na mara uwanja wako mzima ukawaka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Baba Neema! Wanabishana, vidole juu, chai inapoa. Nami nilikuwa napiga kelele kuliko wote. Nilifurahi. Kisha nikaona haya, kwa sababu umelala hapo hapo shambani, nami nafurahi na mwingine.

Zuhura ndiye aliyetunyamazisha. Ni binti wa uuguzi kutoka Lindi, alikuwa hajawahi kuuona mbuni, na muda wote alikuwa akizunguka mashimo peke yake. Akauliza kwa adabu, "Mama, mbona mashimo ya upande wa kaburi yameshaota nyasi, na ya juu kule udongo bado mbichi? Ulianzia huku?"

Mama Neema akaweka birika chini.

"Nilianzia huku. Kahawa ilikuwa imeziba kaburi. Nikikaa jikoni nilikuwa simwoni."

Hakuna aliyeandika.

Tukiwa njiani kurudi mjini, karibu na Rau, Kifungu akaniuliza jibu lile ni la kitivo gani. Nikamwambia sijui. Akasema naye hajui, na kwamba Jumatatu anaanza, nimtafutie kiti. Kwa hiyo somo lipo. Ukweli ni kwamba sijawahi kuwa na hamu ya kuingia darasani kama sasa. Najiuliza ni maswali mangapi tuliyapita hivi hivi, wewe na mimi, tukiwa na haraka ya kujibu.

Nakuahidi nitayarudia, moja moja, nikianza na watu walioshika jembe. Na hili la mkeo sitalitungia mtihani kamwe.

Pumzika, Baba Neema. Anakuona.

Mama Aika